"Ukiumia, Acha": Uhakiki wa Lugha ya Karatasi ya Mazoezi ya Shingo

Karatasi inayohakikiwa katika makala haya haina jina la mwandishi, haina tarehe, wala haielekei kuwa ilipata kupita mikononi mwa mhariri wa lugha. Ni ukurasa mmoja uliopigwa chapa pande zote mbili, wenye michoro sita ya kichwa cha mtu, na juu yake yameandikwa maneno "Mazoezi kwa Wagonjwa wenye Maumivu ya Kudumu ya Shingo". Niliikuta Msangano, Wilaya ya Momba, katika Mkoa wa Songwe uliomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, nyumbani kwa shangazi yangu. Ilikuwa imehifadhiwa ndani ya mfuko wa nailoni pamoja na kadi ya kliniki na stakabadhi za mbolea. Hospitali aliyopewa sina haja ya kuitaja, kwa kuwa makosa nitakayoyaonyesha si ya mtu mmoja wala ya hospitali moja. Ni makosa yetu sisi tushughulikao na istilahi.

Yamkini msomaji atauliza kama karatasi ya mazoezi ni maandishi yanayostahili uhakiki katika kurasa hizi, ambazo aghalabu hushughulika na kamusi, orodha za istilahi na tafsiri za sheria. Nasema yanastahili. Mgonjwa aliyepewa kidonge hahitaji kulielewa jina la kidonge ili kimfae. Hata akilitamka vibaya, kitayeyuka tumboni vile vile. Lakini mgonjwa aliyepewa zoezi, akakiacha chumba cha mtaalamu na kurudi kijijini kwake, hana kingine mkononi ila maneno. Neno likikosewa, dawa imekosewa.

Shangazi yangu amepita umri wa miaka hamsini. Analima mahindi na ufuta, na maji huchota kwa ndoo ya lita 20, ambayo ni kilo 20 juu ya utosi kabla ya kuhesabu ndoo yenyewe. Shingo ilimsumbua kwa muda wa miaka miwili. Alipimwa, akaambiwa hakuna mfupa uliovunjika wala uvimbe, akaonyeshwa mazoezi mara moja, akapewa karatasi. Kwa kuwa macho yake hayaoni vema herufi ndogo, mjukuu wake wa darasa la sita ndiye aliyemsomea. Aliyafanya mazoezi yale siku moja tu. Nilipomwuliza kwa nini aliyaacha, alimwita mjukuu asome mstari wa mwisho wa ukurasa wa pili: "Ukiumia, acha mara moja."

"Mwanangu," akaniambia, "siku ya kwanza niliumia, basi nikaacha. Karatasi nimeifuata."

Ni kweli aliifuata. Nitaurudia mstari huo baadaye, maana ndani yake umo ugumu mkubwa kuliko mwingine wote. Lakini kwanza yafaa msomaji alijue jambo lenyewe.

Maumivu ya shingo ni miongoni mwa maradhi yaliyoenea sana duniani. Makadirio ya kimataifa ya mwaka 2020 yalihesabu watu milioni 203 waliokuwa nayo. Kwa wengi wao hakuna kitu cha kukatwa wala cha kuungwa. Yakizidi miezi 3, matabibu huyaweka katika kundi la maumivu ya muda mrefu, na tiba mojawapo inayopendekezwa ni mgonjwa kuitumia shingo yake kwa mpango: kuigeuza, kuipa kazi, na kuiongezea kazi hiyo kidogo kidogo. Huko Ufini ulifanyika utafiti uliochapishwa mwaka 2003 juu ya wanawake 180 wafanyakazi wa ofisini, wenye umri wa miaka 25 hadi 53. Kundi la kwanza lilifanya mazoezi ya nguvu, kwa kusukuma kichwa huku kikivutwa na ukanda wa mpira. Kundi la pili lilifanya mazoezi ya ustahimilivu, kwa kulala na kuinua kichwa mara nyingi. Kundi la tatu lilishauriwa kunyoosha misuli na kufanya mazoezi ya pumzi. Baada ya miezi 12 maumivu yalikuwa yamepungua katika makundi mawili ya kwanza kuliko katika la tatu. Nguvu ya kuinamisha shingo iliongezeka kwa asilimia 110 katika kundi la kwanza, asilimia 28 katika la pili, na asilimia 10 katika la tatu.

Nimezitaja tarakimu hizi kwa sababu mbili. Ya kwanza ni muda: hesabu ilifungwa baada ya mwaka mzima, si baada ya siku mbili. Ya pili ni ya kiistilahi. Watafiti wale walitenganisha nguvu na ustahimilivu, wakaona kuwa si kitu kimoja. Karatasi yetu haitenganishi. Kila zoezi ndani yake ni "la kuimarisha misuli", liwe la kusukuma mara chache kwa nguvu nyingi, liwe la kuinua mara nyingi kwa nguvu kidogo. Mgonjwa hajui kama anatakiwa kuchoka upesi au kukawia kuchoka. Lugha haikukosa maneno hapo. Mwandishi ndiye aliyeridhika na neno moja.

Sasa tuingie katika karatasi. Naanza na sifa zake, kwani mwandishi wake si mtu asiyejua Kiswahili. Ameandika "kisogo", "kidevu", "paji la uso" na "ncha ya bega", maneno ambayo mtoto wa darasa la sita ameyasoma bila kukwama. Hakujaza ukurasa majina ya Kilatini ya misuli. Pale alipohitaji kutaja mifupa ya shingo ameandika "pingili", nalo ni neno la watu, wanalolijua katika muwa kabla ya kulijua katika uti wa mgongo. Kama karatasi nzima ingeandikwa kwa mkono huo, makala haya yasingekuwapo.

Tatizo la kwanza liko katika jina la tiba yenyewe. Katika ukurasa mmoja tiba hii inaitwa "fiziotherapia" juu, "tiba ya viungo" katikati, na "mazoezi tiba" chini. Fiziotherapia ni neno la Kigiriki lililotufikia kwa njia ya Kiingereza, nalo limekwisha kukaa: limeandikwa kwenye milango ya hospitali, na ndilo wanalojiita wataalamu wenyewe, wakiwamo wengi waliofunzwa KCMC, Moshi, hospitali iliyofunguliwa mwaka 1971. Sioni faida ya kuling'oa. Tiba ya viungo lina sura ya Kibantu na kwa hiyo hupendwa, lakini kiungo ni neno lililobebeshwa mizigo mingi. Kiungo ni mahali mifupa ikutanapo. Kiungo ni sehemu yoyote ya mwili. Viungo ni bizari na iliki. Na siku hizi kiungo ni mchezaji wa katikati uwanjani. Shule nazo zina "mazoezi ya viungo", yaani kuruka na kukimbia mstarini asubuhi. Mgonjwa aambiwaye anakwenda tiba ya viungo hutazamia kuvutwa mifupa. Ama "mazoezi tiba", ni majina mawili yaliyogongwa pamoja kwa mpangilio ambao Kiswahili hakikuuhitaji, maadam tunayo "-a" ya uhusiano. Taaluma na iitwe fiziotherapia. Na sehemu yake ifanywayo na mgonjwa mwenyewe kwa mwendo wa mwili na iitwe tiba ya mazoezi.

Kutenganisha huko si upambaji. Watu wetu wanazo tangu zamani tiba za shingo: kukanda, kuchua, kusinga. Zote hutendwa na mtu mwingine, na mgonjwa husemwa kwa kauli ya kutendwa: amekandwa, amechuliwa, amesingwa. Hata fiziotherapia inazo tiba za mkono wa mtaalamu. Tiba ya mazoezi inamhamisha mgonjwa kutoka kauli ya kutendwa kwenda kauli ya kutenda, na uhamisho huo unapaswa kusikika tangu jina. Shangazi yangu alikwenda mjini akitazamia kuchuliwa, akarudi na karatasi. Alihisi amepunjwa.

Kisha lipo neno zoezi lenyewe. Asili yake ni kuzoea: mtu huuzoeza mwili jambo usilolizoea. Maana hii imefifia, na leo mazoezi ni ya askari, ya wanafunzi, ya wachezaji mpira. Shangazi aliniuliza, na swali lake lina haki: "Nalima tangu alfajiri, nabeba maji, nabeba kuni. Mazoezi gani tena?" Karatasi haina jibu. Ingekuwa nalo kama mwandishi angekumbuka asili ya neno. Kazi haimwulizi mtu ameizoea au hakuizoea; ndoo ni lita 20 leo na kesho, shingo iwe nzima au iwe mbovu. Zoezi huanza chini ya uwezo wa mgonjwa na kupanda pamoja naye. Jambo hilo lingeweza kuandikwa katika mistari miwili, nayo ingekuwa mistari yenye faida kuliko yote kwa msomaji wa Msangano.

Hapa naomba ruhusa ya kutoka nje ya njia kidogo. Mara nyingi husemwa kwamba mwanamke wa Kiafrika ameumbiwa kubeba kichwani, na wasomi hutaja utafiti uliofanywa Kenya na kuchapishwa mwaka 1986, ambao ulionyesha kuwa wanawake wa Kijaluo wabebao kichwani, na wa Kikuyu wabebao kwa ukanda wa kipaji, waliweza kuchukua mzigo hadi asilimia 20 ya uzito wa miili yao bila kutumia nguvu ya ziada. Utafiti ule ulipima oksijeni waliyoivuta; haukuwauliza kama shingo zinauma. Walipoulizwa wachotaji maji wa Limpopo, Afrika Kusini, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2010, walitaja maumivu ya mgongo na ya shingo. Si vema kuuchukua ushahidi wa mapafu kuwa ushahidi wa shingo.

Nirudi kwenye karatasi, na kwenye kichwa chake cha habari: "Maumivu ya Kudumu". Mwandishi alitaka kutafsiri istilahi ya kitabibu yenye maana ya maumivu yaliyoendelea kupita muda uliotazamiwa. Lakini kudumu kwa Kiswahili ni kukaa daima. Tunasema anwani ya kudumu, kamati ya kudumu, ulemavu wa kudumu. Na katika hotuba tunawatakia viongozi wetu wadumu. Mtu akiambiwa maumivu yake ni ya kudumu, ameambiwa atazikwa nayo. Kisha katika mstari wa pili anaambiwa afanye mazoezi ili yapungue. Kati ya mistari hiyo miwili mmoja lazima uwe uongo, na mgonjwa huamini ule ulioandikwa kwa herufi kubwa.

Wapo watakaosema: basi tutumie "maumivu sugu", kwani magonjwa sugu yamekwisha kuzoeleka katika lugha ya Wizara na ya magazeti. Nakubali kwamba yamezoeleka. Lakini sugu ni ngozi iliyokomaa kwa msuguano, ni mhalifu asiyekanyika, na katika miaka ya karibuni ni vimelea visivyosikia dawa: twasema usugu wa dawa. Maumivu sugu, kwa sikio la leo, ni maumivu yaliyoishinda tiba. Kwa shinikizo la damu au kisukari labda neno linafaa, maana humpa mgonjwa sababu ya kutoacha dawa. Kwa shingo linadhuru. Pendekezo langu halina fahari yoyote: "maumivu ya muda mrefu". Lina maneno matatu badala ya moja, na wapenda ufupi watalalamika. Hata hivyo linasema jambo lililotokea bila kutabiri litakalotokea, na mpaka wake wa miezi 3 unaweza kuelezwa kwa msomaji yeyote.

Sasa vitenzi. Katika uzoefu wangu wa kazi hii, kamati za istilahi hukusanya nomino. Tangu Baraza liundwe kwa sheria ya mwaka 1967, na tangu vijitabu vya Tafsiri Sanifu vianze kutoka katika miaka ya sabini, tumekuwa watu wa majina: majina ya vyeo, ya mashine, ya maradhi. Kamusi ya Tiba iliyotolewa na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 2003 ni kazi ya kujivunia, lakini kamusi ya tiba kwa desturi yake humfaa atakayetaja ugonjwa kuliko atakayeamuru mwendo. Na karatasi ya mazoezi ni amri tupu. Ukiondoa vitenzi, hakuna kinachobaki ila michoro.

Tazama amri ya kwanza: "Kaza shingo kwa sekunde 5." Kukaza shingo, kwa msemaji yeyote wa Kiswahili, ni kufanya ukaidi. Hilo lingeweza kuchekesha tu na kupita. Lakini mgonjwa wa shingo, ukimwuliza anasumbuliwa na nini, husema, "Shingo imekaza." Kwa hiyo karatasi inamwamuru azidishe kile kilichompeleka hospitali. Mwandishi alikusudia zoezi ambalo misuli hufanya kazi bila kichwa kusogea. Zoezi hilo halina jina la neno moja katika Kiswahili, wala mgonjwa hahitaji jina, anahitaji kuelezwa: weka kiganja juu ya paji la uso, kichwa kisukume mbele, kiganja kizuie, kichwa kisisogee. Maneno kumi na manne, na hakuna hata moja la kufafanuliwa.

Amri ya pili: "Tikisa kichwa polepole." Kwa upande gani? Kwa Kiswahili mtu hutikisa kichwa kwa kukataa na hutikisa kichwa kwa kusikitika, na wapo wanaosema ametikisa kichwa akiwa amekubali. Zoezi lililokusudiwa ni lile la kuinamisha kidevu kidogo, mwendo mdogo mno, ili misuli ya ndani ya shingo ya mbele ifanye kazi. Misuli ambayo watafiti wa Australia wameishughulikia sana. Mjukuu alimwonyesha bibi yake kutikisa kwa kukataa. Ingetosha kuandika: itikia kwa kichwa, kama mtu asemaye ndiyo pasipo kutaka wengine waone.

Amri ya tatu ndiyo iliyoleta kizaazaa. "Zungusha kichwa kulia na kushoto. Mizunguko 3 ya marudio 10." Kuzungusha ni kupeleka kitu duara, jiwe la kusagia huzungushwa, na gurudumu pia. Kilichotakiwa ni kugeuza uso kuelekea bega. Na kama kwamba kosa moja halikutosha, mwandishi ameita mafungu ya mazoezi "mizunguko". Mjukuu, ambaye ni hodari wa hesabu, alielewa kwamba kichwa kizungushwe mara 3 kwa kila moja ya mara 10, yaani mara 30, duara kamili. Bibi alipata kizunguzungu akaketi. Simlaumu mtoto. Alisoma kilichoandikwa.

Na sasa mstari wa mwisho: "Ukiumia, acha mara moja."

Mzizi "-uma" katika lugha yetu umezaa jamii kubwa. Shingo inaniuma. Naumwa shingo. Nimeumia shingo. Umeniumiza shingo. Maumivu. Katika jamii hii, kuumia lina miguu katika nyumba mbili: ni kusikia uchungu, na ni kupata jeraha. Mchezaji aliyeumia ametolewa nje kwa machela. Na mtu aliyefiwa pia ameumia, ingawa hana hata mkwaruzo. Kwa mazungumzo ya kila siku hakuna hasara, kwani mazingira huamua maana. Katika tiba ya mazoezi hasara ni kubwa, kwa sababu msingi wa tiba hii ni kuyatenganisha mambo hayo mawili. Shingo iliyokaa miezi mingi bila kugeuzwa ipasavyo, ikigeuzwa, itauma. Kuuma huko, kukiwa kwa kadiri, si ishara kwamba kitu kimechanika. Mtaalamu anajua tofauti hiyo. Alipoandika "ukiumia" alikuwa na maana ya jeraha. Shangazi yangu aliposikia "ukiumia" alisikia uchungu. Wote wawili wanasema Kiswahili sahihi.

Lawama basi ni ya nani? Naiweka kwetu. Hatujawahi kuwapa matabibu jozi ya maneno iliyokubaliwa: moja la kinachohisiwa, moja la kinachoharibika. Nasi tunayo. Kwa kinachohisiwa, kitenzi "kuuma" kinatosha, na mtenda ni kiungo chenyewe: shingo inauma. Kwa kinachoharibika tunalo "kudhurika", neno tulilolipata kwa Kiarabu na linaloeleweka hadi bonde la Momba. "Shingo itauma, haitadhurika." Kuumia liachwe nje ya karatasi za mazoezi kabisa. Silifukuzi katika lugha. Nalifukuza katika aina hii moja ya maandishi, kama vile mwanasheria anavyoliepuka neno lenye maana mbili katika mkataba.

Kosa la jirani yake ni "dalili hatarishi". Kitu hatarishi ni kile kiletacho hatari, kama moto karibu na petroli. Dalili hailetwi mahakamani kwa kosa hilo, inatoa habari. Ziitwe dalili za hatari, na zitajwe kwa maneno ya mgonjwa: mkono kufa ganzi au kulegea, miguu kukosa uthabiti, kushindwa kuzuia mkojo, homa pamoja na shingo kukakamaa, maumivu yaliyoanza baada ya kuanguka. Karatasi inazo tatu kati ya hizi, lakini imezieleza kwa "mgandamizo wa neva", ambao mgonjwa hawezi kuuona kwa jicho. Neva ni neno sahihi katika darasa la biolojia. Kijijini kila kitu kipitacho ndani ya nyama ni mshipa, uwe wa damu, wa neva au ukano. Si makosa kumwambia mtu "mshipa wa hisia", mradi aelewe pa kukimbilia.

Nilijaribu kuiandika upya karatasi ile, nikampelekea mtaalamu mmoja wa fiziotherapia aisahihishe, kwani haifai afisa wa istilahi kuagiza dawa. Sehemu ya mwisho niliiandika hivi: "Shingo itauma kidogo siku za mwanzo. Haitadhurika. Ikiwa kesho yake asubuhi maumivu yametulia, endelea. Yakiwa yamezidi, punguza idadi, lakini usiache kamwe." Mtaalamu alikata neno "kamwe", na juu ya neno "haitadhurika" aliandika kwamba kauli hiyo imfae tu mgonjwa aliyekwisha kupimwa na kuonekana hana dalili za hatari. Alikuwa na haki katika yote mawili. Nilikuwa nimesahihisha lugha na kuongeza ahadi ambayo tabibu hakuitoa.

Jambo moja tulibishana, nalo ndilo ninalolileta mbele ya wasomaji. Badala ya "mizunguko" nilipendekeza "mikupuo": marudio 10 ni mkupuo mmoja, fanya mikupuo 3. Mtaalamu alikataa. Alisema wauguzi huwaonya wagonjwa wasinywe vidonge vyote kwa mkupuo, na kwa hiyo mkupuo masikioni mwao ni pupa. Yeye alitaka "seti", neno wanalolitumia vijana wa mazoezi ya vyuma. Nilimwambia shangazi yangu hajui seti ila ya sufuria.

Ni shangazi aliyelipata neno, akiwa amesimama ukingoni mwa shamba, nilipokuwa nikimweleza kwamba afanye kidogo, apumzike, kisha afanye tena. "Kama ngwe," alisema. Ngwe ni kipande cha shamba alichopimiwa mkulima. Hulima ngwe moja akanyoosha mgongo, akaanza nyingine. Watangazaji wa mpira nao wanalo: ngwe ya kwanza, ngwe ya pili. Lina kipimo ndani yake, lina kazi, na lina mapumziko ambayo kila mkulima anayajua bila kuambiwa. "Fanya ngwe 3; kila ngwe marudio 10." Mjukuu alilisoma mara moja, na safari hii hakuna aliyepata kizunguzungu.

Natambua pingamizi zitakazoletwa. Kamusi huonyesha ngwe pia kwa maana ya kamba nyembamba. Na mtu wa Tunduma, mpakani na Zambia, atakumbusha kwamba ng'ambo ya pili ngwee mia moja hufanya kwacha moja. Sidhani kama mgonjwa atadhani anaamriwa kulipa. Neno nimeliwasilisha kwenye kamati ya istilahi pamoja na "tiba ya mazoezi", "maumivu ya muda mrefu", na jozi ya "kuuma" na "kudhurika". Walimu wa vyuo vya uuguzi na wafasiri wa maandishi ya afya wenye neno bora kuliko ngwe wanaombwa waliandikie Baraza, wakieleza limesikika wapi na kwa nani.